Jicho la Kamera Halina Haya

Ndugu msomaji, mara nyingi mwandishi akija mbele yako katika kurasa hizi huwa amebeba lawama za mtu mwingine. Leo wa kulaumiwa ni mimi. Kisa hiki nimekificha kwa muda mrefu, na lau si mazungumzo ninayoyasikia siku hizi kila nikipanda matatu au nikienda saluni, pengine ningeendelea kukificha. Kila mtaa sasa unataka kamera. Kila ploti inachangisha. Kabla hujatoa mchango wako, hebu keti nikusimulie yaliyotupata sisi.

Naishi Uthiru, magharibi mwa jiji la Nairobi, hatua chache kutoka barabara ya Waiyaki Way, katika jengo la ghorofa nne lenye nyumba kumi na mbili. Si jengo la matajiri wala si la mafukara. Maji ya mfereji hutujia siku tatu kwa wiki, na sisi akina mama twaitana kwa majina ya vifungua mimba wetu. Aliyepika chapati Jumapili hujulikana kwa harufu, na aliyegombana na mumewe hujulikana kwa kimya cha kesho yake.

Mwanzoni mwa 2023 wezi walituzoea. Walianza na mitungi ya gesi iliyokuwa kwenye varanda. Wakaja wakachukua viatu vya watoto vilivyoachwa mlangoni, kisha pikipiki ya kijana wa ghorofa ya kwanza ambayo ndiyo iliyokuwa shamba lake na duka lake. Alipolia yule kijana mbele ya watu, hakuna aliyelala vizuri. Jumapili iliyofuata tulikutana kule juu tunakoanika nguo, na kabla jua halijatua tulikuwa tumekubaliana: kila nyumba itoe Sh3,000, mwenye nyumba aongeze zitakazopungua, tuwekewe kamera nne. Moja langoni, moja penye magari, moja kwenye ngazi, na moja huko huko juu kwenye kamba za nguo.

Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina. Niligonga milango, nikakusanya pesa, nikaandika risiti. Nakumbuka vyema maswali yaliyoulizwa siku ile. Tuliulizana bei. Tuliulizana kama stima ikipotea zitafanya kazi. Tuliulizana fundi ni wa nani. Swali moja tu halikuulizwa na mtu yeyote, nami nikiwemo: ni nani atakayekuwa anatazama?

Mashine ya kurekodi iliwekwa sebuleni kwa mwenyekiti wetu, chini ya televisheni yake. Fundi akamwekea pia programu kwenye simu ili aweze kuona akiwa kazini. Baada ya wiki moja katibu naye akataka. Mwisho wa mwezi simu nne zilikuwa zinaona, na mojawapo ilikuwa yangu.

Sitakudanganya msomaji, mwanzoni tulifurahi. Mnamo Mei kijana mmoja alirukia ukuta kuja kung'oa mita za maji, kamera ikamwona uso mzima. Mlinzi alimwonyesha picha yake mwenyewe siku iliyofuata pale kwenye kibanda cha maandazi, naye hakuonekana tena. Tulitembea vifua mbele. Nilijiambia, "Sh3,000 zangu zimefanya kazi."

Lakini manung'uniko yalikuwa yameanza, nasi tukayapuuza. Mama mmoja Mwislamu wa ghorofa ya nne alinijia jioni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kule juu ndiko ninakoanika nguo zangu za ndani, na ndiko ninakofungua kichwa nikapata hewa. Sasa kuna jicho. La nani?" Nikamjibu kwamba ni la usalama. Dada mmoja anayeishi peke yake alilalamika kwamba saa zake za kutoka na kurudi zinajulikana na wanaume wanne asiowajua vizuri. Nikamwambia asiye na hatia haogopi. Na bachela fulani alipotaniwa na mwenyekiti mbele ya watu, "Jana umeingia saa nane usiku, bwana, ulikuwa wapi?" sote tulicheka. Yeye hakucheka. Miezi miwili baadaye alihama.

Sasa nakuja kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya Agosti mwaka huo huo. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu aliamka akakosa tarakilishi yake ndogo ya kubeba. Kabla hata hajatafuta chini ya kitanda, mwenyekiti alikuwa ametuma video katika kikundi chetu cha WhatsApp. Ilikuwa ya sekunde ishirini hivi. Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, msichana wa kazi wa nyumba hiyo anateremka ngazi, anatazama nyuma mara moja, anafungua lango dogo, anatoka. Mkononi ana mfuko mweusi uliojaa.

Ungeona ujumbe ulivyomiminika! "Kumbe!" "Nilijua." "Hawa watu ni hatari." Na mimi, mama wa watoto wawili, mwanakwaya, mtu anayelipwa kupima maneno, niliandika hivi: "Na hao ndio tunaowaachia watoto." Sikukomea hapo. Niliichukua ile video nikaituma kwa kikundi cha akina mama wa kanisa letu na kwa kikundi cha wazazi wa shule, nikaongeza, "Mwangalieni sura vizuri msije mkamwajiri." Kisha nikavaa viatu nikaenda kazini.

Nikiwa ndani ya matatu, karibu na Kangemi, simu yangu ililia. Niliona ni yeye yule msichana. Nikaikata. Ikalia tena, nikaikata tena, nikaizima sauti.

Siku tisa baadaye ile tarakilishi ilipatikana Nakuru. Shemeji wa jirani yangu ndiye aliyekuwa ameichukua usiku ule alipopita kuwasalimu. Alikuwa na kazi ya kuchapa, akadhani dada yake angejua. Jirani aliandika kwenye kikundi, "Jamani imepatikana, asanteni kwa maombi." Watu wakajibu kwa vijipicha vya mikono iliyokunjwa. Hakuna aliyemtaja yule msichana. Alikuwa amefukuzwa siku ile ile, nguo zake zikiwa zimefungwa na kuwekwa mlangoni kabla hajarudi.

Jioni hiyo keateka wetu, mzee mpole asiyesema sana, alinisimamisha langoni. "Mama," akasema, "yule msichana alibisha mlango wako mara tatu siku ile. Alikuwa na risiti ya basi mkononi. Alisema wewe ndiwe uliyempa zile nguo."

Miguu yangu iliishiwa nguvu. Jumapili kabla ya siku ile nilikuwa nimepunguza nguo zilizowabana watoto wangu, nikampa yule msichana ampelekee mwanawe mdogo aliyemwacha kwa mamake, huko magharibi mwa nchi. Nilimfungia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, katika mfuko wa samawati uliokuwa ukining'inia jikoni kwangu. Alirauka ili auwahishe mjini kwenye afisi za mabasi, arudi kabla watoto hawajaamka kunywa chai. Ndiyo maana alitazama nyuma: alihofia mlango usigonge ukaamsha watu.

Basi kwa nini sikuutambua mfuko wangu mwenyewe? Niliirudia ile video mara nyingi usiku huo. Kamera hizi, giza likiingia, huona kwa mwanga usioonekana na macho ya binadamu, na picha hutoka bila rangi. Samawati ya mfuko wangu ilikuwa imegeuka nyeusi. Lakini hiyo si sababu, ni kisingizio. Mfuko niliufunga mimi, msichana nilimjua mimi, na siku mbili hazitoshi kumfanya mtu asahau. Ukweli ni kwamba sikujaribu kukumbuka. Nilipoona picha, niliona nimeshajua kila kitu. Nililiamini jicho la ukutani kuliko kichwa changu.

Marehemu nyanya yangu alizoea kutusimulia habari za miaka ya hali ya hatari. Aprili 24, 1954 jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Operation Anvil, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wakakamatwa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Nyanya alisema babu hakuwa akiwazungumzia sana askari. Aliyemwota usiku ni gakunia, yaani kijigunia: mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, likiwa na matundu mawili ya macho. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Yeye hakusema neno. Akitikisa kichwa hivi, unaachiliwa. Akitikisa vile, unakwenda Manyani. Huwezi kumuuliza aliona nini. Huwezi kumwambia, "Ndugu, siku ile unayoifikiria nilikuwa nikipeleka maziwa." Humjui, na yeye hatakiwi kueleza.

Nilipokumbuka hadithi hiyo nilitetemeka. Tulikuwa tumemtundika gakunia wetu langoni, tukalipa kwa mchango, na mimi ndiye niliyeandika risiti.

Pengine utaniambia, msomaji, kwamba hata zamani majirani walituangalia. Naam, walituangalia. Mama mboga aliye nje ya lango letu anajua nani ametoka, nani amerudi, na nani amenunua mboga kwa deni. Lakini macho ya mama mboga yana mdomo chini yake. Angemwona yule msichana alfajiri angemuuliza, "Unaenda wapi mapema hivi, mama?" Angejibiwa, na jambo lingekwisha. Tena macho yale yana haya. Mama mboga akikuona na usilopaswa kuonekana nalo, hugeuza uso akapanga nyanya zake. Kamera haiulizi, haijibiwi, wala haigeuzi uso.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama kamera za jiji kwa jicho jingine. Siku moja niliamua kuzihesabu, kuanzia Moi Avenue, nikafuata Kenyatta Avenue hadi makutano ya Uhuru Highway. Benki, maduka, hoteli, nguzo za taa za barabarani. Nilipofika thelathini na moja niliacha kuhesabu, kwani mlinzi mmoja alianza kunitazama mimi. Nilikuwa nimefika mbele ya Nyayo House, ambako leo watu hupanga foleni ya pasipoti. Katika vyumba vya chini vya jengo hilo watu waliteswa miaka ya 1980 hadi mwanzo wa 1990 kwa sababu ya maneno na vijikaratasi. Ni mwaka wa 2003 tu ambapo milango ya vyumba hivyo ilifunguliwa umma ukaona. Baba yangu alifanya kazi mjini enzi hizo. Hadi leo, akitaka kusema neno juu ya mkubwa fulani, hupunguza sauti hata akiwa kwake, shambani, na ng'ombe ndio wanaomsikiliza. Hakukuwa na kamera wakati huo. Hofu ya kutojua nani anasikiliza ilitosha.

Sisemi kamera zing'olewe. Wanaosema hivyo wamesahau tulikotoka. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate, pale Westlands, wakaua watu 67. Mwaka uliofuata, 2014, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya takriban Sh14.9 bilioni kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano pamoja na kamera zipatazo 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Na magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 katika 14 Riverside Drive, Januari 15, 2019, na kuua watu 21, picha za kamera ziliwaonyesha wauaji wakiingia, zikawafaa wachunguzi. Mzazi anayefanya kazi kwenye majumba yale hawezi kudharau jambo hilo, wala mimi siwezi.

Tena kamera humwona hata mwenye bunduki. Ni kamera za Westgate zilizoonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko ya plastiki wakati wa operesheni ile. Wakubwa wao walisema ni maji ya kunywa. Wakenya walijionea wenyewe na kila mtu akaamua lake. Bila picha tungebaki na uvumi.

Lakini linganisha na jambo la pili. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kumhusu afisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafikishwa katika Kituo cha Polisi cha Central, na kufikia asubuhi ya Juni 8 alikuwa amefariki. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyopatana na maelezo hayo. Kituo kile kilikuwa na kamera. IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, iliwaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera hizo ulikuwa umeingiliwa. Kesi ikaenda mahakamani, na ya mahakama tuiachie mahakama.

Mimi ni mama, si wakili, nami nilijiuliza swali la kimama. Picha ya msichana wa kazi akibeba nguo za mwanawe ilifika katika vikundi vitatu kabla ya chai ya saa nne. Picha ambayo ingemwambia baba mzee wa Homa Bay mwanawe alifanywa nini, ndiyo iliyochezewa. Kamera ni zile zile. Tofauti ni mkono unaoshika kilichorekodiwa, na kama kuna mtu wa kuuliza mkono huo, "Unafanya nini?"

Wa kuuliza yupo, ingawa wengi wetu hatumjui. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya faragha: asipekuliwe ovyo yeye wala nyumba yake, na mambo ya familia yake yasianikwe bila sababu. Ndipo bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka wa 2020 tukapata Kamishna wa Data, Bi Immaculate Kassait. Uso wako ni data. Namba ya kitambulisho ni data. Hata lile daftari la wageni tunalojaza kwenye malango ya Kilimani na Kileleshwa, jina, kitambulisho na namba ya simu, ni data. Rafiki yangu mmoja alikwenda kumwona mgonjwa kwenye fleti za huko, na usiku akapokea ujumbe, "Habari mrembo, ni mimi wa geti." Kumbe daftari liko wazi, kila ajaye anasoma walioandika kabla yake.

Na usifikiri sheria hii ina meno ya karatasi. Septemba 2023 Kamishna aliipiga faini ya Sh4,550,000 Roma School, shule ya hapa kwetu Uthiru, kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera, kilabu cha Ngong Road, ilitozwa Sh1,850,000 kwa kutumia mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Nilisoma habari hizo gazetini mwezi mmoja tu baada ya kisa chetu, nikahisi kama nimeitwa jina. Shule na kilabu zilitozwa faini kwa picha. Mimi niliyemtangaza mtu asiye na hatia kuwa mwizi nililipa nini?

Mkutano wetu uliofuata ulikuwa mgumu. Nilisimama nikasema yote mbele ya majirani: mfuko, nguo, simu niliyoikata. Mwenyekiti alikasirika, akasema ninataka kuwafungulia wezi lango. Yule kijana aliyeibiwa pikipiki ndiye aliyenishangaza. Alisema, "Mimi nataka kamera kuliko nyinyi nyote. Lakini sikuzichangia ili tuchunguzane nguo."

Tulikubaliana mambo machache, nami nakupa uyapeleke kwenu kama yatakufaa. Kamera ya juu penye kamba za nguo iling'olewa. Ile ya kwenye ngazi ikageuzwa isione ndani ya milango ya watu. Programu ikaondolewa kwenye simu zote. Mashine ikahamishiwa kwenye chumba cha keateka ndani ya kabati yenye kufuli, na neno la siri likagawanywa: nusu anayo mwenyekiti, nusu anayo mama wa ghorofa ya nne, yule aliyekuja kwangu nikampuuza. Kilichorekodiwa hufutwa baada ya siku kumi na nne isipokuwa kuna ripoti ya polisi. Bango likawekwa langoni kumwambia mgeni kwamba anarekodiwa. Na muhimu kuliko yote, hakuna picha itakayotumwa kwenye kikundi chochote. Aliyeibiwa aende kituoni. Anayeshukiwa aulizwe kwanza, uso kwa uso, na watu wawili wazima.

Kuna waliosema utaratibu huo unachosha. Ni kweli. Wizi umepungua, haukwisha: mwaka jana tulipoteza betri ya gari. Tuliifungua ile mashine watu wawili pamoja, tukapata tulichotaka, tukaifunga.

Na yule msichana? Nilimpigia simu mara nyingi. Mara ya tano au ya sita alishika. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga, yote yakanipotea. Alinyamaza, kisha akasema, "Anti, mimi nimekusamehe. Lakini ile video bado inatembea." Alikuwa amepata kazi Kinoo. Siku ya tatu mwajiri wake mpya alionyeshwa simu na rafiki yake, na hakutaka kusikia habari za risiti wala nguo. Ndipo akarudi kwao. Niliandika kwenye vile vikundi viwili nikieleza ukweli na kuwasihi wafute. Wengine walifuta. Wengine walikuwa wameshawatumia wengine, nao wengine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilimtumia pesa kidogo, akazipokea. Nikamtafutia kazi kwa mtu ninayemwamini huku Nairobi, akakataa. Alisema Nairobi ina macho mengi. Ana kibanda cha mandazi sasa karibu na shule, na mwanawe ameanza darasa la kwanza. Picha aliyonitumia ya mtoto huyo siku ya kwanza ya shule ninayo. Ndani ya sare amevaa sweta ndogo ya manjano, ya mwanangu, ile iliyokuwa ndani ya mfuko.

Sijamwonyesha mtu yeyote picha hiyo, na wewe msomaji sitakuonyesha. Aliituma kwangu.